Hisa 380 na chumba kimoja cha kulala: kabla hujaweka sahihi Jackson Heights

Swali la msomaji: "Shikamoo. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Tanga, huu ni mwaka wa tisa naishi Bronx na nina kadi ya ukaazi wa kudumu. Nimepata fleti ya chumba kimoja cha kulala Jackson Heights, Queens, mtaa wa kihistoria, ghorofa ya tatu, jengo la miaka ya 1920 lenye bustani katikati. Bei dola 345,000, ada ya kila mwezi dola 890, hisa 380. Dalali anasema ni ko-op na kwamba lazima bodi inikubali kwanza. Mshahara wangu ni dola 98,000 kwa mwaka, na zamu za ziada unafika 112,000. Nina akiba ya dola 110,000, na mkopo wa gari wa dola 380 kwa mwezi, imebaki miezi 11. Nitapewa hati au sipewi? Mbona kuna ada wakati nimeshanunua? Na hao bodi ni nani hadi wanihoji? Mama yangu atakuja kukaa nami miezi sita. Mimi mwenyewe, Mungu akijalia, baada ya miaka minne au mitano narudi nyumbani, fleti naipangisha na kodi yake inanijengea Tanga."

Marahaba, dada. Umeuliza mengi, ila lililo zito kuliko yote umeliweka mwishoni, tena hukuliuliza. Umelitaja kama jambo lililokwisha: narudi, napangisha, najenga. Naanza na hilo, kwa sababu hilo likiharibika, mengine yote hayana kazi.

Majengo mengi ya ushirika, ndiyo hizo ko-op, New York hayataki wapangaji. Kanuni utakayoikuta mara kwa mara ni kwamba ukae humo mwenyewe mwaka mmoja au miwili kwanza, halafu uruhusiwe kupangisha kwa miaka miwili tu ndani ya kila mitano, kwa idhini ya bodi, kwa mpangaji ambaye naye amepitiwa na bodi, na juu yake ulipe ada ya upangishaji. Mengine hayaruhusu hata siku moja. Si roho mbaya. Benki zinapotoa mikopo kwenye jengo huangalia ni wangapi wanaoishi humo wenyewe. Wapangaji wakizidi, mikopo inakauka, na bei ya kila mtu inashuka. Kwa hiyo ule mpango wa mpangaji kukujengea Tanga unaweza kukatwa na kifungu kimoja cha mkataba ambao hujauona bado. Na hata ukiruhusiwa, nitakuonyesha hapo chini kwamba mkopo na ada pamoja ni kama dola 2,560 kwa mwezi. Mpangaji akikulipa 2,500, haibaki hata ya mfuko wa saruji.

Siwezi kukuamulia kama utarudi. Mimi mwenyewe nimekuwa "narudi mwakani" tangu 1998. Lakini jiulize kimyakimya, bila kumshirikisha dalali. Kama safari ni ya kweli na ina tarehe, fleti ya ushirika si chombo chake; endelea kupanga Bronx na upeleke fedha kwenye msingi wa nyumba Tanga, au utafute kondominiamu, yaani fleti unayoimiliki yenyewe kwa hati (nalirefusha neno makusudi, kifupi chake wewe muuguzi unakijua kwa kazi nyingine). Huko masharti ya kupangisha ni mepesi, ingawa bei na gharama za kununua huwa juu. Kama "narudi" yako ni kama yangu, endelea kusoma.

Hati hupewi. Utapewa cheti cha hisa. Jengo lote, kuanzia boila hadi paa, ni mali ya kampuni moja, na wewe unanunua hisa 380 za kampuni hiyo. Hisa hizo zinakuja na mkataba wa ukaaji wa muda mrefu wa fleti fulani, ile ya ghorofa ya tatu. Wewe ni mwenye hisa na mpangaji kwa wakati mmoja, unajipangisha mwenyewe kwa kupitia kampuni. Wasomaji wa Kenya watalielewa haraka, kwa sababu kwa miaka mingi, hadi sheria mpya ya 2020, mnunuzi wa fleti Nairobi alipata mkataba wa upangaji wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi. Kwetu Tanzania tulikwenda njia nyingine: sheria ya mwaka 2008 inampa mtu hati ya sehemu yake ya jengo. Kwa hiyo usilinganishe na fleti ya Upanga. Linganisha na SACCOS ambayo badala ya kukukopesha fedha inakupa mahali pa kulala.

Kwa kuwa hisa si ardhi, yapo yanayokupunguzia mzigo. Mnunuzi wa kondominiamu hapa mjini hulipa kodi ya kusajili mkopo; kwa mkopo chini ya dola 500,000 upande wake ni asilimia 1.8. Kwa mkopo wa dola 264,000, nitakaoufikia hapo chini, hiyo ingekuwa karibu dola 4,750. Kwenye ushirika haipo.

Ada ya dola 890 ndiyo inayoendesha kampuni. Ndani yake kuna kodi ya majengo ya jiji, bima ya jengo, mishahara ya msimamizi na wabeba taka, joto la majira ya baridi, maji ya moto, na marejesho ya mkopo wa jengo lenyewe. Huo mkopo wa jengo ndio watu wengi hawauoni. Nitaurudia, maana ndipo mnunuzi mgeni anapoumia.

Kuhusu bodi: ni majirani zako. Wenye hisa huwachagua kila mwaka, hawalipwi, hukutana jioni baada ya kazi, na kati yao utakuta mwalimu mstaafu, mhasibu na mtu mmoja anayejua historia ya kila bomba. Ila madaraka yao ya kuchagua jirani yana asili yake, na kwa mtaa huo ni vizuri uijue. Jackson Heights ilijengwa na Queensboro Corporation, kampuni ya Edward MacDougall, iliyoanzishwa 1909, mwaka uleule daraja la Queensboro lilipofunguliwa. Treni ya juu ilipofika 1917, mashamba yakageuka mji. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia kampuni ikaanza kuwauzia wakaaji hisa badala ya kuwapangisha. Msanifu Andrew J. Thomas akachora majengo kama Linden Court, Chateau na Towers: nyumba zinazozunguka kitalu kizima, migongo ikitazama bustani ambayo mpita njia haioni hata akipita kila siku. Mauzo yalikuwa kwa Wazungu Wakristo waliochaguliwa. Wayahudi na Weusi walifungiwa mlango. Leo ukishuka kituo cha Roosevelt Avenue utapita maduka ya sari na dhahabu ya 74th Street, momo za Watibeti, na arepa za Wakolombia chini ya reli, na pengine mwenyekiti wa bodi ni mtoto wa wahamiaji. Mlango wenyewe, hata hivyo, bado uko palepale na bado una mlinzi.

Mlinzi huyo anaangalia mambo mawili kuliko mengine: uwiano wa mapato yako na gharama zako, na akiba itakayobaki baada ya kununua. Bodi nyingi zinataka mkopo na ada visizidi asilimia 25 hadi 30 ya mapato ghafi ya mwezi, na zinataka ubaki na fedha taslimu za kulipia mwaka mmoja, nyingine miwili. Tupige hesabu kwa riba ya asilimia 6.5 ya miaka 30. Benki yako itakupa ya kwako.

Ukiweka asilimia 20 ya bei iliyotangazwa, unatoa dola 69,000 na kukopa 276,000. Marejesho ni 1,745 kwa mwezi, ongeza ada, jumla 2,635. Mapato yako pamoja na zamu za ziada ni 9,333 kwa mwezi, kwa hiyo uko kwenye asilimia 28. Bodi nyingine zinahesabu madeni yote; ukiongeza gari unaruka hadi asilimia 32. Na zamu za ziada zisipohesabiwa, ni 32 tena hata bila gari. Sasa upande wa akiba: toa malipo ya awali, toa kama dola 8,000 za wakili, benki na ada za jengo, unabaki na 33,000. Hiyo ni miezi kumi na miwili na nusu. Inatosha, kwa shida.

Utasema, basi niongeze malipo ya awali hadi asilimia 25. Uwiano unashuka hadi 27, safi kabisa, lakini akiba inabaki 15,750, yaani miezi sita. Hii ndiyo shuka fupi ya ko-op: ukivuta kufunika kichwa, miguu iko nje. Nimeona waombaji wenye mshahara mzuri wakikataliwa kwa sababu walimwaga kila senti kwenye malipo ya awali wakidhani wanaonyesha uwezo.

Njia yako naiona hivi. Maliza deni la gari kabla ya kupeleka maombi. Linakugharimu kama 4,200. Halafu shusha bei. Kwa dola 330,000, asilimia 20 ni 66,000, mkopo 264,000, marejesho 1,669, na pamoja na ada ni 2,559. Uwiano asilimia 27.4, deni la gari halipo, na mkononi unabaki na karibu 32,000, miezi 12. Unapita kote kuwili. Kwa hiyo unapojadiliana na muuzaji hizo dola 15,000 si ubahili. Ndizo zinazokupitisha kwa bodi, na mwambie dalali wake hivyohivyo. Muuzaji mwenye akili anajua kwamba mnunuzi wa 345,000 anayekataliwa na bodi baada ya miezi mitatu ni hasara kuliko wa 330,000 anayepita. Zamu za ziada nazo zipe ushahidi: fomu za mapato za miaka miwili na barua ya mwajiri inayosema ni za kawaida.

Hapa niseme jambo ambalo mawakili wengine hawatakuuliza kwa sababu hawalijui. Unacheza upatu? Wengi wetu tunacheza. Ukipokea mchezo wako wa dola 12,000 mwezi wa nane, na taarifa za benki zikaombwa mwezi wa tisa, hapo kuna fedha iliyoshuka kutoka mbinguni. Benki itauliza, bodi itauliza, na "wenzangu wa upatu walinipa" bila karatasi ni jibu linaloogopesha. Usifiche. Panga zamu yako iangukie miezi mitatu minne kabla ya kuomba, iweke kwenye akaunti moja, iache itulie. Kama imeshaingia, andika barua fupi ya kueleza utaratibu wenu, na mweka hazina wenu athibitishe kwa orodha ya michango yako mwenyewe iliyotoka kila mwezi. Mimi nimeshapeleka barua za namna hiyo mara nyingi. Mhasibu wa bodi moja alisoma, akacheka, akasema bibi yake alikuwa anafanya vilevile. Kama ndugu amekuongezea kitu, anahitajika kuandika kwamba ni zawadi, si mkopo. Na fedha unazotuma Tanga kila mwezi zitaonekana. Hazina ubaya, mradi ziwe za kiasi kinachofanana mwezi hadi mwezi.

Sasa vitabu vya jengo. Watu huenda kuangalia fleti wakatazama sakafu ya mbao na mwanga wa dirishani, wakarudi wameshapenda. Mimi nataka upende hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu, na kumbukumbu za vikao vya bodi. Wakili wako anakwenda kuzisoma ofisi ya msimamizi au kutumiwa nakala, kabla hujaweka sahihi. Katika kumbukumbu hizo ndimo jengo linamosema ukweli: paa linavuja upande wa mashariki, lifti imesimama mara nne, jirani wa ghorofa ya tano ameshtaki, boila ina miaka mingapi.

Katika hesabu, tafuta kwanza deni la jengo. Tuseme kampuni ina hisa 38,000 na mkopo wa dola 2,400,000. Hisa zako 380 ni asilimia moja kamili, kwa hiyo umebeba 24,000 za deni hilo, mbali na mkopo wako. Bei halisi si 345,000, ni 369,000. Nusu ya ubishi kuhusu fleti gani ni rahisi huisha ukishafanya hesabu hii. Kisha uliza mkopo huo unaisha lini. Mikopo ya majengo haifanani na wa kwako wa miaka 30. Mingi ni ya miaka kama 10, halafu inaiva yote kwa pamoja na jengo linakopa upya kwa riba ya siku hiyo. Jengo lililokopa kwa asilimia 3.25 likilazimika kukopa tena kwa 6.5, riba ya mwaka kwenye hizo milioni 2.4 inaongezeka dola 78,000. Sehemu yako ni 780, yaani 65 kwa mwezi. Haikuui. Lakini ikija mwaka mmoja na bima kupanda na boila kufa, ada ya 890 inakuwa 1,050, na ule uwiano wako wa 27.4 unakuwa historia.

Tatu, mfuko wa akiba wa jengo. Jengo lisilo na akiba hukimbilia michango ya ziada, na mchango huo hauna huruma. Unapigwa kwa hisa, kila mtu kwa fungu lake. Nne, angalia kama kampuni inamiliki ardhi iliyokalia. Yapo majengo mjini yaliyosimama juu ya kiwanja cha kupanga, na kodi ya kiwanja ikipandishwa wenye hisa wanalia. Ukiona fleti nzuri kwa bei ya kushangaza, ulizia hilo kabla ya kumshukuru Mungu. Sababu nyingine ya bei ya kushangaza ni majengo ya HDFC, ya watu wa kipato cha kadiri, yenye kikomo cha mapato ya mnunuzi na makato makubwa ukiuza. Ya kwako haionekani kuwa hivyo, lakini swali halilipiwi.

Neno "kihistoria" kwenye tangazo si pambo. Sehemu kubwa ya Jackson Heights iliwekwa chini ya hifadhi ya jiji mwaka 1993. Kwa mtu wa pwani hili si geni; hata Mji Mkongwe wa Unguja huamki asubuhi ukang'oa mlango wa nakshi ukaweka wa aluminiamu. Kwa kawaida ndani ya fleti yako uko huru kutoka kwa Tume ya jiji inayosimamia hifadhi hiyo, ingawa si kutoka kwa bodi. Kinachoonekana nje ndicho cha Tume: matofali, mlango wa jengo, na zaidi ya yote madirisha. Hapo nina kisa cha macho yangu mwenyewe. Mteja wangu alinunua fleti yenye madirisha mapya mazuri, kioo kimoja kikubwa kila upande. Jengo la asili lilikuwa na madirisha yaliyogawanywa vioo vidogo sita juu na kimoja chini. Muuzaji aliyabadili bila kibali. Mteja alipoomba kibali cha kazi nyingine, kosa la zamani likajitokeza, na aliyebadilisha madirisha mara ya pili, kwa fedha zake, ni yeye. Ukiwa barabarani siku ya kwenda kuangalia, simama upande wa pili, tazama madirisha ya ghorofa ya tatu na uyalinganishe na ya jirani. Yakitofautiana, mwambie wakili. Makosa yaliyosajiliwa jiji huyaweka wazi kwa anwani, bila malipo.

Ukiwa papo hapo barabarani, hesabu na ghorofa. Mwaka 1979 kipande cha ukuta kilianguka Manhattan kikamuua mwanafunzi aliyekuwa anapita. Kutokana na kifo hicho, mwaka uliofuata jiji likatunga sheria ya ukaguzi wa kuta, ikapanuliwa 1998. Kila jengo linalozidi ghorofa sita hukaguliwa kila baada ya miaka mitano, na matengenezo ya matofali ya zamani hayana bei ndogo. Majengo mengi ya bustani ya Jackson Heights yana ghorofa tano au sita, kwa hiyo pengine yako imepona. Lakini haiepuki sheria nyingine ya 2019 kuhusu hewa chafu, kama jengo linazidi futi za mraba 25,000, na jengo la kuzunguka bustani hufika huko haraka. Viwango vilianza 2024, vinakazwa 2030, na faini ni dola 268 kwa kila tani inayozidi. Jengo linalochoma mafuta kwenye boila ya kizamani litalipa, aidha faini au boila mpya. Ulizeni bodi ina mpango gani. Jibu "tunaliangalia" maana yake hawana.

Utaratibu wenyewe ni huu, kwa haraka. Ofa unayotoa kwa mdomo au barua pepe haikufungi. Wakili anachimba, mnaweka sahihi, unaweka amana ya asilimia 10 ambayo inashikwa na wakili wa muuzaji. Mkataba lazima useme amana inarudi benki ikikunyima mkopo au bodi ikikukataa. Bila maneno hayo, usiguse kalamu. Benki ikithibitisha, unapeleka furushi la maombi: kodi za mapato, taarifa za benki, barua za marejeo, mapato, madeni, kila kitu. Kutoka ofa hadi funguo, tegemea miezi mitatu, minne ukiangukia majira ya joto bodi zikiwa safarini.

Ukiitwa kwenye mahojiano, furahi. Karatasi zako zimeshapita, wanataka kuona uso tu. Jibu unachoulizwa, kwa ufupi, na usiulize mengi. Mteja wangu mmoja aliulizwa kama anaipenda fleti, akajibu kwa dakika kumi ukuta upi atauvunja. Alikataliwa. Sababu hakupewa, na kwa kawaida hazitolewi. Bodi inaweza kukukataa kwa sababu nzuri, mbaya, au bila sababu. Isichoweza ni kukukataa kwa rangi, dini, taifa ulilotoka, hali yako ya uhamiaji, au kuwa na watoto. Sheria ya haki za binadamu ya jiji inataja hayo yote. Wakikuuliza unasali wapi au mumeo anafanya nini Afrika, jibu kwa upole kwamba ungependa kuzungumzia maombi yako, ukitoka andika kila neno na saa yake, unipigie. Wakikuuliza kuhusu mipango ya baadaye, usiseme uongo. Na sasa unaona kwa nini nilitaka uamue ile "narudi" kabla ya kufika kwenye hicho kiti.

Mama aje. Sheria ya jimbo inamlinda mkaaji anayeishi na ndugu yake wa karibu, na miezi sita haimtishi mtu. Angalia kitu kimoja tu: mikataba mingi inataka uwepo mwenyewe wakati mgeni yupo, kwa hiyo usimwachie funguo ukaenda Tanga miezi mitatu bila kuwataarifu.

Ukienda kuangalia Jumamosi, nenda na dakika arobaini, si kumi. Fungua maji ya moto jikoni na bafuni kwa pamoja uone nguvu yake. Mabomba ya miaka ya 1920 huchoka kwa ndani na hayaonekani. Gusa radieta, uone kama ina bomba moja au mawili, maana ya bomba moja huwezi kuipunguza, inapika au inalala. Uliza mashine ya kufulia inaruhusiwa ndani au wote mnashuka chini, mengi hayaruhusu. Kaa kimya chumbani dakika tatu usikie ile treni ya juu, ya namba 7. Ingia bustanini, ulizia funguo nani anazo na saa ngapi inafungwa. Msimamizi wa jengo akiwepo msalimie, muulize amefanya kazi hapo miaka mingapi. Mtu aliyekaa kumi na tano anaonyesha jengo lenye utulivu. Wa tatu ndani ya miaka miwili anaonyesha kitu kingine.

Kisha omba kanuni za ndani, unitumie nipitie pamoja na kifungu cha kupangisha. Utakuta karibu bila shaka kwamba asilimia 80 ya sakafu lazima iwe na zulia, kwa ajili ya anayelala chini yako. Kile kinu chako cha kutwangia kisamvu, kiache Bronx kwa rafiki hadi tujue anayelala chini ni nani.